Kura ya Mpakuaji

Mama yangu alipika shughuli za watu kwa muda mrefu sana. Hapa Isevya, mjini Tabora, leo kuna watu wazima ambao pilau la harusi ya wazazi wao, la hitima ya babu zao na la harusi zao wenyewe lilitoka katika mkono mmoja. Hakuwa na hoteli wala bango. Ukiwa na shughuli ulikuja uani kwetu, ukatoa shikamoo, ukakalishwa kwenye kigoda, ukaulizwa wageni watakuwa wangapi, kisha mama akaikataa idadi yako. Watu hupunguza wageni wakienda kununua mchele na huwaongeza wakienda kukodi viti, alikuwa akisema, kwa hiyo mimi husikiliza yote mawili halafu nikafanya nijuavyo.

Kupika wengi wanajua. Kilichompa mama jina ni kupakua. Alisimama kwenye sufuria na upawa mkononi, masinia yakapita mbele yake, na halikutoka sinia lisilo na nyama, liwe la wakwe au la watoto waliokaa nyuma ya nyumba. Sheria yake ilikuwa moja: mpakuaji hula mwisho. Chakula kikibaki, anakula. Kisipobaki, anakwangua ukoko na kunywa chai ya rangi, na hanuni.

Alidai sheria hiyo imetoka kwa bibi wa bibi yake, mwanamke wa Kinyamwezi aliyefuatana na misafara iliyokuwa ikipita hapa kwenda na kutoka pwani, yeye akibeba vyungu badala ya pembe. Mpagazi aliyelala na njaa hanyanyui mzigo asubuhi, kwa hiyo mpishi alihakikisha kila mtu amekula kabla yeye hajagusa tonge. Mimi ni mwalimu wa uraia, na kwa mazoea ya kazi huwa naomba ushahidi. Mama alisema ushahidi ni kwamba msafara ulifika.

Siasa nyumbani hazikuzungumzwa sana, ila kulikuwa na hadithi ya bibi. Ni ya zile chaguzi za zamani, mgombea mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenzake nyumba. Babu alimwelekeza bibi njia nzima kwamba achague jembe. Bibi akaitikia njia nzima. Alipofika akachagua nyumba kwa sababu, alieleza miaka mingi baadaye babu akiwa tayari kaburini, jembe alikuwa nalo na lilikuwa limemchosha. Hakujua hata mgombea wa nyumba ni nani. Darasani nawafundisha wanafunzi kwamba kura ilimpa mwanamke sauti katika serikali, na ni kweli, mitihani inataka hivyo. Sijawahi kuwaambia kwamba kwa bibi yangu kura ilikuwa kwanza mahali ambapo mumewe hakuweza kuingia naye.

Mama alilirithi hilo lote. Baba alimchokoza kila uchaguzi, na kila uchaguzi alijibiwa vilevile.

"Kura ni siri, baba watoto."

Tuliolelewa ndani ya nyumba ile, ambako hata soksi zilikuwa za wote, tulijua kwamba mama ana kitu kimoja chake peke yake.

Wanawake walipokuja kumwomba agombee uenyekiti wa mtaa, sababu ilikuwa mtaro. Mtaa wetu umelala mteremko, na mtaro wake ulikuwa umeziba tangu sijui lini. Masika yakianza, maji ya juu yalikwenda kulala katika nyumba za chini. Mwenyekiti aliyekuwepo, mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu safi mwenye kofia nyeupe na fimbo, alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemfuata: tunalifuatilia. Alilifuatilia kwa miaka.

Aliyeongoza ujumbe ule wa wanawake ni jirani yetu wa nyumba ya chini kabisa, mjane aliyekaanga vitumbua. Alikuwa pia mtu wa mama katika shughuli, yule anayeaminiwa kuosha mchele. Nyumba yake ndiyo iliyopokea maji ya kila mtu.

"Wewe unajua kugawa," alimwambia mama. "Tunataka mtu anayejua kugawa. Maneno tumeshiba."

Mama alisema yeye si mtu wa majukwaa. Wakamwambia hawamtaki jukwaani, wanamtaka ofisini. Alikubali baada ya siku kadhaa na baada ya kumuuliza baba, ambaye aliridhia kwa sharti kwamba chakula cha nyumbani kisichelewe. Chama chetu kilimpitisha bila matata, nadhani kwa sababu viongozi wake nao walikuwa wamekula sana mkononi mwake.

Kampeni yake ilikuwa fupi na ya kuchekesha. Akisimamishwa kuzungumza, alisema mtaro utachimbwa, akawashukuru watu, akakaa. Wanaume wa barazani, pale wanapokunywa kahawa, walisema mwanamke anaweza kuongoza wanawake wenzake, lakini mtaa una mambo ya mipaka ya viwanja na ya wezi. Mzee wa reli hakusema neno baya juu yake hata siku moja. Alikuwa rafiki wa baba, akimwita mama shemeji, na alipopita mbele ya nyumba yetu alisimama kusalimia kama siku zote.

Siku ya kupiga kura foleni ilikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mzee alikuwa amefika mapema na alikuwa karibu na mlango. Mama alichelewa kwa sababu asubuhi ile alikuwa amewasha moto wa hitima ya watu. Alikuja anatembea haraka, kanga yake ina jivu. Mimi nilikuwa nyuma kidogo nikaona yote. Mzee alitoka kwenye nafasi yake, akamwashiria kwa fimbo.

"Shemeji, tangulia. Wewe una moto unakungoja."

Mama alikataa mara moja, kama adabu inavyotaka, na mara ya pili akakubali, kama adabu inavyotaka pia. Akapita mbele yake. Ndani ya kituturi, kile kijisanduku cha kukufichia unapoweka alama yako, alikaa muda mrefu. Nilidhani anahangaika na miwani.

Jioni walihesabu mbele ya mawakala, wakarudia kuhesabu kwa sababu hakuna aliyeamini. Mama alishindwa kwa kura moja.

Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia. Mama mwenyewe alimpa mzee mkono wa hongera, akarudi kwenye masufuria yake ya hitima yaliyokuwa hayajaoshwa.

Mtu akishindwa kwa kura mia, mtaa unasema bahati mbaya. Akishindwa kwa moja, mtaa unatafuta mtu. Wanawake walijihesabu vichwani mwao mmoja mmoja, nani aliahidi, nani alikuja, nani aliangalia pembeni alipoulizwa, na utafutaji wao ukaishia kwa mwenye vitumbua. Kosa lake ni kwamba asubuhi ya uchaguzi mzee alinunua beseni lake zima la vitumbua kuwapa waliokuwa kwenye foleni, na watu walimwona mjane akicheka naye. Kwamba ni yeye aliyekuwa akilala na maji chini ya kitanda, na kwamba ni yeye aliyemwomba mama agombee, hayo hayakusaidia. Mtaa ukishamtaka mchawi hautazami sababu.

Hawakumtukana. Kwetu hatutukani, tunaacha. Vitumbua vyake vilirudi nyumbani jioni vimepoa. Akiingia dukani mazungumzo yalikuwa yameshaisha. Kwenye shughuli mbili zilizofuata hakuna aliyemwambia mchele unaoshwa saa ngapi, na mama, aliyeamini labda ni mgonjwa, aliuosha mwenyewe. Baya zaidi, binti yake alikuwa anaolewa mwezi ule ule. Wanawake walikubaliana kwamba hawatakwenda. Mtu ambaye hajaishi Tabora hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Harusi isiyo na wanawake uani haipikwi, na harusi isiyopikwa inazungumzwa mpaka kwa wajukuu wa bibi harusi.

Nilimpelekea mama habari hizo nikidhani anazijua. Alikuwa anakata vitunguu. Kisu kilisimama.

"Wanasema ni yeye?"

"Wote wanasema."

"Na yeye anasema nini?"

"Hajaulizwa," nikamwambia. "Anaachwa tu."

Akarudi kwenye vitunguu. Siku hiyo chakula kilikuwa na chumvi nyingi, jambo ambalo baba alilitaja na sisi wengine tukaendelea kula.

Kabla ya harusi wanawake hukusanyika kuchambua mchele. Wanakaa mikekani na nyungo zao, wanatoa mawe na chuya, wanaimba kidogo na kusengenya sana. Mchele wa harusi huchambuliwa nyumbani kwa mwenye shughuli. Lakini mara hii mama aliagiza magunia yaletwe uani kwetu, akatuma watu kuwaita wanawake kwa jina lake. Walikuja wote, maana mama akiita mchele hakuna anayeuliza ni wa nani. Walichambua kuanzia adhuhuri. Gunia la kwanza lilipokwisha ndipo mama akasimama katikati ya mikeka, mikono imeshikana mbele kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mchele huu ni wa harusi ya binti wa mwenye vitumbua," akasema. "Na ile kura mnayoitafuta ni yangu. Nilimpigia mzee."

Nyungo zilinyamaza. Bibi mmoja mzee, aliyemwita mama binti yake tangu zamani, alimwambia polepole, kwa lile neno la Kinyamwezi la kumwita mtu mama, "Mayo, sema tena."

Mama alisema tena. Alieleza kwamba alikuwa amekwenda na nia yake nzima. Lakini mzee alimpisha kwenye foleni, na alipofika kwenye karatasi akaona jina lake na jina la yule aliyempisha, na mkono ukakataa. Alisema maisha yake yote hajawahi kutia chakula kwenye sahani yake watu wengine wakiwa wanangoja. Alisema alidhani kura za watu zitatosha, na yake si kitu, ni heshima tu ya kumrudishia mtu.

Mimi nilikuwa nimekaa na ungo mapajani, mwalimu mzima wa uraia. Nilipiga hesabu ile ambayo kila mmoja pale alikuwa anaipiga. Kama angejichagua, angeshinda kwa kura moja.

Nilitegemea watacheka, au wataguswa. Waliguswa, ila si kwa namna niliyoitegemea. Aliyesema ni fundi cherehani mmoja, mwanamke mpole ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akipandisha sauti, na hata siku ile hakupandisha.

"Sisi tulikupa wewe. Wewe ukampa nani chetu?"

"Ilikuwa kura yangu," mama akasema.

"Siku nyingine zote ni yako. Siku ile ilikuwa na sisi ndani."

Mlango wa ua ulikuwa wazi, na mwenye vitumbua alikuwa amesimama pale. Sijui alifika saa ngapi, nadhani alikuja kuona mchele wake unafanyiwa nini. Wanawake walimwona, wakainamisha vichwa kwenye nyungo, wakaanza tena kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Yeye aliwapita, akaenda mpaka kwa mama. Nilifikiri anakwenda kumkumbatia.

"Umenisafisha," alimwambia. "Ahsante, dada. Na maji je?"

Kisha akachukua ungo, akakaa na wenzake, akachambua. Harusi ilipikwa, na ilipikwa vizuri. Waliomsusa waliosha vyombo vyake mpaka usiku bila kuombwa, kwa sababu ndivyo tunavyoombana radhi sisi.

Mimi hasira zangu zilikuwa kwa mzee, na nitasema wazi kwamba bado ninazo. Naamini alijua anachokifanya alipotoa ile nafasi. Mtu aliyekaa na mama mtaa mmoja miaka yote ile alijua kwamba ukimpisha amefungwa. Yeye mwenyewe aliingia baada yake, akajipigia bila kukohoa, na akatoka ameridhika. Mama hajawahi kukubali. Alisema mzee alimpisha kwa sababu ni mtu mwenye adabu, na kosa la kuchanganya mambo ni lake yeye.

"Nilidhani ni adabu," aliniambia siku moja tukiwa tunasugua sufuria kubwa kwa mchanga.

"Ilikuwa adabu."

"Basi adabu yangu imeingiza maji nyumbani kwa mwenzangu."

Hilo lilikuwa kweli bila mafumbo. Masika yale yalikuwa makali. Mama alishuka mteremko na ndoo, akateka maji chumbani kwa mwenye vitumbua bega kwa bega naye, na walipomaliza wakakaa kizingitini. Mzee wa reli alipita na mwavuli, akatoa pole, akasema suala hilo linafuatiliwa.

Uchaguzi uliofuata mama hakugombea. Baba alikuwa kitandani, na mwaka ule hatukuwa na nafasi ya kingine. Mzee akapita bila kupingwa. Baba alifariki, mama akakaa eda, akatoka, akarudi kwenye masufuria akiwa mwembamba zaidi. Nchi ikapata rais mwanamke. Barazani wanaume wa kahawa walisema huko juu sawa, huko kuna wasaidizi, lakini mtaani je, nani atakimbizana na wezi? Mwenye vitumbua alipita na beseni lake, akawauliza ni mwizi gani mzee wa reli amewahi kumkimbiza na ile fimbo. Wakanunua vitumbua.

Uchaguzi wa juzi mzee alikuwa amechoka, akasema anapumzika. Mama alichukua fomu bila kuombwa na mtu. Alinipitia asubuhi moja naenda shuleni, akaniambia habari hiyo kama mtu anayesema anakwenda kununua mkaa. Mpinzani wake alikuwa kijana mfanyabiashara wa tumbaku, anayezunguka na pikipiki kati ya Usoke na Urambo, mchangamfu, mwenye spika kubwa na fulana za kugawa. Mama safari hii alihutubia. Alisema ninyi mnanijua, mwaka ule niliwaangusha mimi mwenyewe, sitawaangusha tena. Nilishtuka kumsikia akilisema hilo kwa kipaza sauti. Wanawake walipiga vigelegele, na wanaume walioisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza wakaulizana.

Siku ya kura foleni ilikuwa pale pale, uwanja ule ule wa shule. Mama alifika mapema, hakuna moto aliouwasha popote. Nyuma yake akasimama mwenye vitumbua. Nyuma ya huyo nikasimama mimi. Kijana wa tumbaku alikuwa mbele yetu watu wachache, na alipogeuka akamwona mama alitoka kwenye nafasi yake, akaja, akainama.

"Shikamoo mama. Njoo upite hapa kwangu, usisimame juani."

Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Sidhani kama alijua chochote. Niliona bega la mama likianza kwenda, lile bega la mtu aliyefunzwa kuitikia wito, na niliona mwenye vitumbua akilitazama bega hilo hilo.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Rudi mahali pako. Nitangoja zamu yangu."

Kijana alisisitiza mara ya pili, kama inavyotakiwa. Mama alikataa mara ya pili, na hiyo kwetu ni kama kumfungia mtu mlango. Kijana alirudi akiwa ameona haya kidogo. Mama alisimama juani mpaka zamu yake, akaingia kwenye kituturi, na hakukaa humo hata muda wa kutia chumvi.

Alishinda. Alishinda kwa kura za kutosha, kiasi kwamba yake moja isingebadili kitu, na ualimu wangu ulinituma nimwambie hivyo. Aliniangalia kwa huruma, kama anavyomwangalia mtu anayeleta idadi ya wageni.

Mtaro umechimbwa mpaka kwenye kona ya msikiti. Sehemu iliyobaki ina mgogoro wa uzio wa mtu, na mama huwa anatoka ofisini amenuna. Nyumba ya chini bado inapata maji, ila sasa ni ya magotini kwa kuku, si kwa watu.

Jioni ile ya ushindi walipika uani kwetu, na mama aligombana nao kwa sababu walitaka akae kwenye kiti, ahudumiwe. Alichukua upawa. Alipakua masinia yote, ya wanaume barazani na ya wanawake mikekani, akampelekea na kijana wa tumbaku lake nyumbani kwao. Yalipokwisha kupita yote, alikaa kwenye kigoda akaanza kukwangua ukoko. Mwenye vitumbua alikwenda kukaa karibu naye. Uani palikuwa kimya kidogo, watu wanakula, na tulimsikia wote alipouliza.

"Dada, mle ndani leo ulijipakulia?"

Wanawake waliacha kutafuna. Mama alifuta vidole kwenye kanga, kimojawapo bado kina wino.

"Kura ni siri," akasema, na akaendelea kula ukoko wake.